Nimepata fundi kiziwi hodari, lakini mume wangu anasubiri pesa za serikali

Mshauri, hujambo?

Mimi na mume wangu tuna kiwanda kidogo cha kushona sare za shule pale Kariobangi Light Industries, orofa ya pili. Tulianza na cherehani mbili sebuleni. Leo tuna wafanyakazi 23, na shule zikikaribia kufunguliwa tunaongeza vibarua.

Miezi mitatu iliyopita tulipokea kijana wa miaka 24 kutoka chuo cha ufundi, aje afanye mafunzo ya kazini. Ni kiziwi. Kusema kweli nilimkubali kwa sababu mwalimu wake alinisihi sana, na nikampa kazi ya kukata nyuzi zilizobaki na kukunja mashati. Wiki ya tatu fundi wetu wa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, akaugua. Kijana akaniangalia, akaelekeza kidole kwenye mashine, akainua gumba. Nikamwacha akae. Jioni nilipochukua lile rundo la sketi na kulipitia moja moja, sikupata hata moja ya kurudisha.

Siku nyingine alizima mashine ghafla katikati ya kazi, akaweka kiganja juu ya meza, akatulia. Jirani yake akadhani amechoka. Yeye akaniita, akauchukua mkono wangu na kuuweka pale pale, kisha akawasha mashine polepole. Nikahisi kitu kinagonga kidogo, tk, tk, tk, chini ya mtetemo wa kawaida. Sindano ilikuwa imepinda na inagonga bamba la chuma. Ingevunjika kabla ya saa kumi. Hakuna mwingine aliyekuwa ametambua.

Sasa mafunzo yake yanaisha mwisho wa mwezi na mimi nataka kumwajiri. Mume wangu hapingi, ila anasema tusikurupuke. Anasema mtu kama huyu ana gharama: mkalimani wa lugha ya ishara, taa za kumwonya moto ukitokea, muda wa wenzake kujifunza kuwasiliana naye. Amesikia kwamba serikali huwapa waajiri pesa wakiajiri watu wenye ulemavu, kwa hiyo tusubiri pesa ziingie kwanza. Binamu yangu aliye Manchester naye anasema huko kwao serikali hulipa hata mkalimani.

Hapo ndipo alipotokea jamaa mmoja anayejiita wakala. Anataka KSh 15,000 kwa M-Pesa, nakala ya kitambulisho cha kijana, na picha yake akiwa kwenye mashine. Anaahidi kwamba ndani ya siku 90 tutapata KSh 400,000 kutoka kwa kile anachoita mfuko wa waajiri. Mume wangu alikuwa tayari ameshika simu. Nikamwomba angoje nikuandikie.

Jambo jingine. Mume wangu anasema kama pesa hizo hazipo, basi tumwanzishie KSh 18,000 hadi azoee. Mafundi wetu wa ovaloki wanapata 30,000. Na wengine pale kazini humwita "bubu". Nadhani hawana nia mbaya.

Nikiwa bado hapo, mwezi uliopita dada mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alikuja kuomba kazi ya uhasibu. Kwa ajili ya ngazi hakuweza kupanda, akamwachia askari wa geti karatasi zake. Bado ziko mezani kwangu.

Kijana ametupa kila mmoja wetu jina la ishara. Langu ni vidole viwili vinavyogonga kifundo cha mkono, kwa sababu kila saa naangalia saa yangu. Sitaki aondoke. Nifanyeje?

Mama Sare, Kariobangi

—

Mama Sare,

Kabla ya lolote: kama hizo 15,000 hazijatumwa, zisitumwe. Na kitambulisho cha kijana kisitoke mikononi mwake kumfuata mtu huyo, wala picha yake. Kupata huduma ya serikali hakuhitaji broka, na mtu anayekusanya vitambulisho vya watu wenye ulemavu pamoja na picha zao ana matumizi mengine navyo. Kama tayari ana nakala, mwambie kijana aripoti kituo cha polisi kilicho karibu na pia atoe taarifa kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, lenye ofisi Waiyaki Way kule Westlands.

Nadhani najua jamaa alikookota maneno yake. Kuna Mfuko wa Taifa wa Maendeleo kwa Watu Wenye Ulemavu, na ni wa kweli. Lakini mfuko huo huwahudumia watu wenyewe, vikundi vyao na taasisi zinazowahudumia: vifaa vya usaidizi, karo, vitendea kazi vya vikundi. Haumtumii mwenye kiwanda laki nne kwa sababu ameandika jina la mtu kwenye orodha ya mishahara. Binamu yako hakukosea kuhusu Uingereza. Wana mpango unaoitwa Access to Work unaoweza kulipia mkalimani, vifaa, hata usafiri wa kwenda kazini. Lakini hata kule anayeomba ni mfanyakazi mwenyewe. Kwetu pia mlango unafunguliwa na karatasi za mfanyakazi, na ukishafunguka, nafuu inayokuhusu wewe inakuja kwa njia ya kodi. Mumeo akisubiri hundi atasubiri hadi kijana apate kazi kwa mwingine.

Sasa tuingie kwenye hesabu hiyo ya kodi, maana najua ndiyo itakayomtuliza mzee.

Tangu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, mwajiri binafsi anayemwajiri mtu mwenye ulemavu, awe mfanyakazi wa kudumu au mwanagenzi, ana haki ya kuomba apunguziwe mapato yake yanayotozwa kodi kwa kiasi cha asilimia 25 ya mshahara aliomlipa mtu huyo. Akibadilisha jengo, akinunua vifaa au akilipia huduma maalum ili mfanyakazi huyo aweze kufanya kazi yake, anaomba tena punguzo la nusu ya gharama hizo. Sheria mpya ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile imeendelea kuwapa waajiri vivutio vya kodi.

Chukua mshahara wa 30,000. Kwa mwaka ni 360,000, na robo yake ni 90,000. Hizo 90,000 zinaondolewa kwenye faida yenu kabla ya kodi kupigwa. Kampuni inayolipa asilimia 30 inaokoa KSh 27,000. Tuseme mmetumia 60,000 kwa taa, mkalimani na mafunzo. Nusu ni 30,000, kodi inayookolewa hapo ni 9,000. Jumla 36,000 kwa mwaka. Si laki nne, lakini ni pesa halali, na mradi yuko kwenu mnaweza kudai lile punguzo la mshahara mwaka baada ya mwaka.

Hapa sharti niseme jambo ambalo wafanyabiashara wa kiasi chenu hugundua wakiwa wameshachelewa. Mwulize mhasibu wenu mko kwenye kodi gani. Biashara nyingi zenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3, ambayo hutozwa mauzo yote bila kutazama gharama. Ukiwa huko, hakuna faida ya kupunguzwa, kwa hiyo punguzo la asilimia 25 halina pa kushika. Unaweza kuiandikia mamlaka ya mapato, KRA, uondoke kwenye kodi hiyo na kuingia kwenye kodi ya kawaida ya mapato. Je, inafaa? Hilo na alijibu mhasibu akiwa na vitabu vyenu vyote mbele yake. Msihame kodi kwa ajili ya elfu 36 kama kuhama kwenyewe kutawagharimu zaidi.

Hayo yote yana sharti moja: kijana awe amesajiliwa na Baraza. Anapimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha anasajiliwa na kupewa kadi. Huduma hizi siku hizi hupatikana kupitia eCitizen. Mwulize kama ana kadi, maana wengi husajiliwa wakiwa shuleni. Kama hana na yuko tayari kuipata, mpe siku ya kazi yenye malipo aende, na umlipie nauli. Hiyo kadi ndiyo itakayomwezesha pia kuomba msamaha wa kodi ya mapato. Mtu mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha kutoka KRA hatozwi kodi kwa 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Kwa mshahara wa 30,000 atakayookoa ni kidogo, ila akipanda cheo ataiona tofauti. Michango ya NSSF, ile akiba ya uzeeni, na SHA, ile bima ya afya, inaendelea kukatwa kama kawaida, mwelezeni mapema asije akashtuka.

Kuna pesa nyingine ambazo naona hamjazifikiria, na ni zenu wenyewe. Kila mwajiri huilipa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Kwenu, watu 23, ni 13,800 kwa mwaka. Mwajiri aliyelipa ushuru huo anaweza kurudishiwa gharama za kuwafunza wafanyakazi wake, mradi aombe idhini kabla ya mafunzo kuanza na mkufunzi awe amesajiliwa na NITA. Mafunzo ya lugha ya ishara kwa mafundi wenu ni mafunzo ya kazi. Ofisi zao ziko Industrial Area. Nendeni mkaulize kabla hamjamlipa mkufunzi yeyote, kwa sababu ukifunza kwanza na kuomba baadaye umejipotezea.

Nikitoka kwenye kodi nakuja kwenye zile 18,000, na hapa sitazunguka. Huyo kijana amekaa kwenye mashine ya mtu anayelipwa 30,000 na kutoa kazi isiyorudishwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake na inataka kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa. Kama kila fundi mgeni huanza na mshahara wa majaribio, naye aanze nao, kwa kiasi kile kile na miezi ile ile. Kama hakuna mwingine aliyewahi kuanza na 18,000, basi "hadi azoee" ni jina jingine la kumkata mtu kwa sababu hasikii. Na mwambie mzee hivi: ile robo ya punguzo hupigwa kwa mshahara mliolipa. Mkimlipa kidogo, punguzo nalo linapungua.

Tena, kwa watu 23 mko ndani ya sheria, mpende msipende. Sheria ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Kwenu hiyo ni nafasi moja na ushee.

Sasa nikwambie kuhusu gharama anazoziogopa mumeo, maana hapo ndipo nilipokosea mimi mwenyewe, na sijasahau.

Nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda kimoja hapa mjini. Tulimwajiri mama mmoja anayetumia kiti cha magurudumu, kazi ya kupokea bidhaa. Tukajenga mteremko wa saruji mlangoni, tukampigia makofi, tukadhani tumemaliza. Mwezi wa pili nikatambua kwamba hanywi chai saa nne. Wenzake wakinywa, yeye anafunika kikombe kwa kiganja. Nilimuuliza mara mbili, akacheka tu. Mara ya tatu akanipeleka kwenye mlango wa choo na kuweka gurudumu la kiti chake kwenye fremu. Halikuingia, lilikwama kwa upana wa vidole vitatu. Mama yule alikuwa hanywi hata tone kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi arudi kwake jioni. Seremala aliupanua mlango kwa siku moja, kwa pesa kidogo sana kuliko ule mteremko. Tulikuwa tumetumia pesa nyingi mahali tulipopaona sisi, na hatukuwa tumemuuliza yeye swali hata moja.

Kwa hiyo muulizeni kijana. Mkalimani wa kila siku sidhani atamhitaji, na ameshawaonyesha kwa miezi mitatu kwamba kazi ya mashine anaelewa kwa sampuli na kwa macho. Mtamhitaji mkalimani siku ya kutia sahihi mkataba, siku ya mafunzo ya usalama, na siku yoyote ya kikao cha nidhamu au cha kubadilisha mshahara. Siku hizo msimtumie mfanyakazi mwenzake anayejua ishara tano. Leteni mkalimani aliyefunzwa. Taa ya kumulika iunganishwe na king'ora cha moto, nayo iwe mahali anapoiona akiwa ameinama kwenye mashine, na nyingine iwe chooni. Pangeni pia mtu mmoja wa kumgusa bega wakati wa dharura, na mwingine wa kushika nafasi yake asipokuwepo.

Kwa maagizo ya kila siku, ubao mdogo na ujumbe wa simu vinatosha, ila muulize anapendelea kusoma lugha gani. Lugha yake ya kwanza huenda ni Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo ina sarufi yake na haifuati Kiswahili wala Kiingereza. Viziwi wengi walisomeshwa kuandika kwa Kiingereza. Akikosea sentensi kwenye simu usidhani hajaelewa kazi. Mafundi wakitaka kujifunza lugha yenyewe, Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iko Kasarani, si mbali na nyinyi. Na mkitaka vijana wengine wa mafunzo, kuna taasisi ya ufundi ya viziwi kule Karen.

Lile jina "bubu" limalize wewe mwenyewe, hadharani, bila hasira. Kiziwi ni neno analolitumia yeye na wenzake bila haya. Bubu linamaanisha mtu asiyeweza kusema, kana kwamba hana lugha, na mtu aliyewapa watu 23 majina ana lugha. Wafundishe wafanyakazi wote jina lake la ishara na waanze kumwita kwalo. Anayeshindwa kulikumbuka amuulize mwenyewe.

Kisha yule dada wa kiti cha magurudumu. Umemtaja kwa mistari michache, lakini ndiye aliyenikaa moyoni. Hujasema kama alifaa au hakufaa, kwa sababu hukupata nafasi ya kujua. Uhasibu si kazi inayohitaji orofa ya pili. Kuna kibanda au duka chini mnapopokelea wateja? Meza moja, kompyuta na intaneti vinaweza kukaa pale, na gharama ya kupatengeneza inaingia kwenye ile nusu ya punguzo niliyoieleza. Kama mmepanga jengo, mwandikieni mwenye nyumba barua kuhusu choo cha chini. Lakini kwanza mpigie simu leo, umwombe radhi kwa kumwacha getini, na umwalike kwa mahojiano mahali anapofika. Akishindwa mahojiano, ashindwe kwa hesabu zake.

Mumeo bado akitaka kusikia kutoka kwa waajiri wenzake, ampigie mtu wa Shirikisho la Waajiri, FKE, pale Waajiri House, Argwings Kodhek. Wao huzungumza lugha yake ya faida na hasara, na wamekuwa wakiwasaidia waajiri katika suala hili hili.

Ila usimngoje amalize kuzunguka ofisi zote. Mafunzo ya kijana yanaisha mwisho wa mwezi. Andika mkataba wiki hii, mshahara ule ule wa fundi wa ovaloki, tarehe ya kuanza iwe siku inayofuata siku ya mwisho ya mafunzo ili asikae nyumbani hata siku moja akijiuliza. Tafuta mkalimani wa saa mbili. Keti naye asubuhi kabla mashine hazijawashwa, mpitie mkataba kifungu kwa kifungu, na akishatia sahihi mwombe azunguke nawe chumba kizima akuonyeshe taa iwekwe wapi.